Msamiati wa insha ya Kiingereza katika ukanda wa dhahabu: kutoka duarani hadi karatasi ya mtihani

Neno "msamiati" hutumika kwa jumla ya maneno ya lugha, au ya mtu anayeizungumza. Kwa anayejiandaa kuandika insha katika lugha yake ya pili au ya tatu, maana hiyo ni pana mno. Yako maneno ambayo mtu huyatambua anapoyasoma au kuyasikia, na yako mengine, machache zaidi, anayoweza kuyatoa mwenyewe yakiwa na tahajia sahihi na yakiandamana na wenzao wanaostahili. Insha hupima kundi hili la pili. Mwanafunzi anaweza kulielewa neno "pollution" kila anapoliona, na bado akashindwa kuandika sentensi moja inayoeleza jinsi zebaki inavyofika mtoni.

Tatizo hilo linaonekana waziwazi katika mkoa wa Shinyanga na katika mkoa jirani wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Watoto wengi wa Kahama, Bukombe, Mbogwe na Geita hukua wakisema Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza. Husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanapoingia Kidato cha Kwanza hukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Miaka minne baadaye, mwezi Novemba, huketi mbele ya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Katika mtihani huo alama 29 ni F, na alama 30 ni D. C huanzia 45, na bila C angalau tatu mlango wa Kidato cha Tano haufunguki. Tena, insha haimo katika karatasi ya Kiingereza peke yake. Historia huuliza kwa insha, Jiografia na Baiolojia vilevile, na zote husubiri jibu la Kiingereza. Nje ya uzio wa shule yako machimbo, ambayo humpokea kijana bila kumwuliza cheti.

Shauri linalotolewa mara nyingi ni kukariri maneno makubwa. Makala haya yanashika njia nyingine: mwanafunzi wa ukanda huu aanze na mambo anayoyajua kwa macho yake, ayatafutie Kiingereza chake kamili, na ndipo atoke kwenda mbali. Anayejua jinsi jiwe linavyogeuka dhahabu ana hoja tayari. Kinachomkwamisha ni jina la kila hatua.

Kitenzi "chimba" na wenzake

Kiswahili husema "chimba" kwa kisima, kaburi, mhogo, dhahabu na mawe ya kujengea. Kiingereza hugawanya kazi hiyo. Shimo, kisima na kaburi huchimbwa kwa "dig". Dhahabu, almasi na makaa ya mawe huchimbwa kwa "mine". Mawe ya ujenzi na kokoto hutolewa kwa "quarry". Kisima kirefu cha mashine, pamoja na tundu la kuchunguza miamba, huchimbwa kwa "drill". Wataalamu wa mambo ya kale hutumia "excavate". Duara refu la kuingilia ardhini hushushwa kwa "sink", kitenzi kilekile cha jahazi kuzama, na ndiyo maana sentensi "They sank a shaft" humkwaza msomaji mgeni anayetafuta maji ndani yake.

Mwanafunzi anayeandika "They dig gold" ataeleweka. Hata hivyo, anayeandika "They mine gold" amesema jambo lilelile kwa neno ambalo shughuli hiyo inalo, na ameshapata mlango wa ukoo mzima: "miner", "mining", "mineral". Jambo la kuangalia ni kwamba "mine" ina maana nyingine mbili, yaani "-angu" ya umiliki, na bomu la kutegwa ardhini. Muktadha ndio unaotenganisha. Kwa mfasiri, kichwa cha habari kifupi chenye neno hilo peke yake kinahitaji kusomwa mara mbili.

Maneno ya machimboni yanayopotosha yakitafutwa peke yake

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wana lugha yao ya kazi. Sehemu kubwa yake ni maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyopewa maana mpya, na hapo ndipo kamusi ya kawaida humponza mwanafunzi. "Duara" ni mfano wa kwanza. Katika jiometria ni "circle". Machimboni, duara ni shimo la kushukia kwenye mwamba wenye dhahabu, nalo kwa Kiingereza ni "pit" likiwa fupi na pana, au "shaft" likiwa refu na jembamba. Sentensi "My brother went down into the circle" haina kosa lolote la sarufi, wala haina maana.

"Mwalo" kwa mvuvi wa Ziwa Viktoria ni mahali pa kupokelea samaki, "landing site". Kwa mchimbaji ni mahali pa kusafishia mchanga wa dhahabu kwa maji, na hapo Kiingereza husema "washing site" au "processing site". "Marudio" shuleni ni "repetition" au "revision". Machimboni ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na ambao bado una chembe za kuchumwa tena. Kiingereza huuita "tailings", daima kwa wingi. "Magwangala", neno linalofahamika sana Geita, ni mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa kama taka, ambayo wananchi wamekuwa wakiyahitaji kwa kuwa hayakosi dhahabu kidogo. Mwanafunzi aandike "waste rock", bila "s" mwishoni. "Mawe", yanapokuwa ndani ya mfuko wa mchimbaji anayesubiri mgao, si "stones" tena, ni "ore". "Karasha" ni rahisi, kwani limetoka kwa "crusher" na linarudi huko bila kupotea njia.

Neno "makinikia" linastahili kukaliwa kidogo. Lilienea nchini kote mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini kwenda nje, na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama ikawa midomoni mwa kila mtu. Kwa umbo, neno hili ni sawa na kitenzi "makinikia", kutia makini katika jambo. Kiingereza nacho kina umbo moja kwa mambo hayohayo mawili: "concentrate" ni kitenzi cha kukusanya fikra, na pia ni nomino ya mchanga uliokusanyiwa madini. Mwalimu anayesema "Concentrate!" darasani na mwandishi wa habari aliyeandika "gold and copper concentrates" wanatumia neno moja. Kinachounganisha maana hizo ni wazo la kukusanya kitu kilichotawanyika mpaka kiwe kizito. Mwanafunzi akishalishika wazo hilo, "concentration" ya kemia nayo haitamsumbua.

Ipo njia rahisi ya kujilinda na mitego hii, nayo ni kurudi. Mwanafunzi akitafuta "duara" katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza akapata "circle", afungue kamusi ya upande wa pili, atafute "circle", asome maana zake zote. Asipoona humo shimo, mwamba wala mgodi, ajue amepewa neno la jambo jingine. Kamusi mbili za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya Kiingereza na Kiswahili (1996) na ya Kiswahili na Kiingereza (2001), zinatosha kwa kazi hiyo, na hupatikana katika maktaba za shule nyingi.

Ukoo wa maneno

Msemaji wa Kiswahili anao tayari uzoefu wa kuzalisha maneno. Kutoka "chimba" hupata "mchimbaji", "uchimbaji", "machimbo" na "chimbuko". Kutoka "ajiri" hupata "mwajiri", "mwajiriwa" na "ajira". Kiingereza hufanya jambo hilohilo kwa viambishi vya mwisho, na ukoo wa "ajiri" unalingana nacho neno kwa neno: "employ", "employer", "employee", "employment". Tofauti kati ya "employer" na "employee" ni ileile iliyopo kati ya "mwajiri" na "mwajiriwa", na ni tofauti ambayo karatasi nyingi huigeuza kichwa chini. Hapo panaongezwa "unemployed" na "unemployment", na insha ya ukosefu wa ajira kwa vijana ina nguzo zake.

Hata hivyo, Kiingereza si mwaminifu kama Kiswahili. Kutoka "steal" hakutoki "stealer" wa kawaida. Mwizi ni "thief" na wizi ni "theft". "Cooker" si mpishi bali ni jiko, na mpishi ni "cook". Kwa hiyo kila ukoo uandikwe daftarini kama ulivyokutwa katika kamusi, pasipo kubuni.

Maneno yanayotembea pamoja

Hapa ndipo insha nyingi za wanafunzi wenye bidii huanguka. Wamejifunza nomino nyingi, lakini vitenzi vyake wanavichukua kutoka Kiswahili. "Kufanya kosa" huwa "do a mistake", wakati Kiingereza husema "make a mistake". "Kufanya mtihani" huwa "make an exam" badala ya "take an exam" au "sit for an exam". "Kupiga kura" ni "cast a vote" au "vote" tu, "kupiga picha" ni "take a photograph", na "kula rushwa" ni "take bribes". Vitenzi "piga", "fanya", "kula" na "toa" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi mno kuweza kuvuka na neno moja. Nomino ijifunzwe pamoja na kitenzi chake, kama vile mtoto wa Kisukuma hajifunzi neno la ng'ombe bila kujua kuchunga na kukamua.

Kwa uchimbaji, majozi yenye faida ni haya: "obtain a licence" kwa kupata leseni, "pay royalties" kwa kulipa mrabaha, ambao kwa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, "sell gold at the mineral market" kwa masoko ya madini kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, "compensate villagers for their land" kwa fidia, ambapo "for" ndiyo inayosahauliwa. "Royalty" kwa umoja, mahali pengine, ni watu wa ukoo wa kifalme. Mfasiri aliyechoka huwapeleka wafalme kulipa kodi.

Baadhi ya nomino huandamana na "the" daima katika maana ya jumla, nazo ni budi zikaririwe nayo: "the environment", "the government", "the poor". Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, na sikio haliwezi kumsaidia mwanafunzi.

Ajali za machimboni zinaonyesha vizuri jinsi kitenzi kinavyoamua maana. Novemba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kiswahili kinaweza kusimulia yote kwa "okoa", "okoka" na "nusurika". Kiingereza kinataka zaidi. Duara "collapsed". Watu "were trapped underground". Waokoaji "rescued" hao watano. Wao wenyewe "survived", na kitenzi hiki hupokea tukio moja kwa moja, "survived the accident", bila "from". Aliyekuwa ametoka kwenda kunywa chai dakika kumi kabla duara halijatitia "escaped". "Were saved" si kosa, ila kwa masikio ya Afrika Mashariki neno hilo lina harufu ya kanisani, kama "okoka" lenyewe.

Kazi ya maneno mepesi

Aya mbili fupi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya kulinganisha. Ya kwanza: "Mining is very good because it helps people to get money. But it is also bad because it destroys environment and people are getting many diseases." Ya pili: "Small-scale mining gives work to young people who have left school, and their earnings pay for food, rent and school fees. However, the mercury used to trap the gold is washed into streams, and women who draw water further down are exposed to it without knowing."

Aya ya pili haina neno hata moja la kutisha. Nguvu yake imo katika "trap the gold", "washed into", "draw water" na "exposed to", yaani majozi ya maneno mepesi yanayomwonyesha msomaji kitu kikitendeka. Ya kwanza imetumia "good", "bad" na "many" mahali pa ushahidi. Kuibadilisha "very good" iwe "extremely beneficial" kungeifanya iwe ndefu tu. Vivyo hivyo kwa vifungu vya kukariri kama "last but not least" na "in a nutshell", ambavyo hujaza mistari na kuacha hoja palepale ilipokuwa.

Viunganishi ni mkasa mwingine. Kiswahili huruhusu "Ingawa mgodi umeleta ajira, lakini vijiji vimepoteza ardhi". Kiingereza hukubali kimoja tu: "Although the mine has brought jobs, villages have lost land", au sentensi ileile yenye "but" bila "although". "Kwa sababu" na "ndiyo maana" nazo haziwezi kuvuka pamoja kama "because" na "that is why" katika sentensi moja. "Licha ya" ni "despite", nayo hufuatwa na nomino: "despite the ban", kamwe si "despite the government banned". Viunganishi vya aina hii havizidi kumi na tano kwa mtihani mzima, na kuvijua kikamilifu kuna faida kuliko kukariri orodha ya nomino mia moja.

Majina ambayo Kiingereza hakina

Shinyanga ina maneno yasiyo na neno moja la kulingana nayo upande wa pili. "Ngitili" ni neno la Kisukuma kwa eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipate kurudi, kisha hufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo na kurudisha miti katika ardhi iliyokuwa kipara, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Mwanafunzi anayeandika juu ya mazingira asiliache neno hili kwa hofu. Aliandike, kisha alieleze mara moja: "ngitili, land that is closed to grazing in the rainy season so that grass and trees can recover". Wataalamu wa misitu wanaoandika kwa Kiingereza hufanya hivyohivyo, wala hawalitafutii mbadala. Mbinu ya kueleza kwa kishazi ni sehemu ya msamiati sawa na neno lenyewe, na humwokoa mwandishi kila anapokosa jina.

"Sungusungu" ni gumu zaidi, kwa sababu Kiingereza kina neno lililo tayari na lina sumu. Jeshi hili la jadi liliibuka katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Magazeti ya Kiingereza huliita "vigilantes", neno linalobeba wazo la watu wanaojichukulia sheria mkononi. Kwa mwandishi anayetaka kulaumu, linafaa. Kwa anayetaka kueleza tu, "village security group" ni la haki zaidi. Uchaguzi huo ni wa mwandishi, ila aujue kuwa ni uchaguzi. Ndivyo ilivyo kwa "illegal miners" na "small-scale miners": watu waleWale wanaweza kuitwa hivi au vile, na tofauti imo katika leseni na katika moyo wa anayeandika.

"Mahari" huleta kosa la kale. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki watu husema "dowry", na neno hilo limeota mizizi. Kwa maana yake ya asili, "dowry" ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kutoka kwao. Ng'ombe wanaotoka upande wa bwana harusi ni "bride price" au "bridewealth". Anayejibu swali juu ya tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, Three Suitors: One Husband, iliyosomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, anahitaji tofauti hiyo, kwa kuwa mchezo mzima umesimama juu ya fedha ambazo jamaa za Juliette wanapokea kutoka kwa wachumba.

Tahajia na daftari

Kisukuma hakitenganishi sauti za L na R kama Kiingereza kinavyofanya, na mwanafunzi anayeandika kwa kufuata sikio hupata "crowd" badala ya "cloud", "grass" badala ya "glass", "play" badala ya "pray". Haya si makosa ya tahajia tu, kwani kila jozi ni maneno mawili kamili, na msahihishaji husoma lile lililoandikwa. Dawa yake ni kuyaandika majozi hayo kwa mkono, kila neno katika sentensi yake, kwa kuwa macho na vidole vitakumbuka pale ambapo sikio halisaidii.

Daftari la msamiati halihitaji kuwa kubwa. Kila neno lipewe nusu ukurasa: umbo lake, ukoo wake, kitenzi au kihusishi kinachoandamana nalo, na sentensi moja ambayo mwanafunzi ameitunga juu ya kitu alichokiona, iwe karasha la jirani, mnada wa ng'ombe au pamba iliyorundikwa ikisubiri kununuliwa. Maneno manane kwa juma yanatosha. Siku ya tatu ayafunike, aandike sentensi zake upya bila kuchungulia. Juma linalofuata afanye hivyo tena. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini anaweza kuwagawa katika makundi, kila kundi likachukua hatua moja ya safari ya dhahabu, kuanzia duarani, karashani, mwaloni hadi sokoni, na kila kundi likafundisha maneno yake kwa mengine.